Cobbett na vibarua wa Uingereza: maandishi ya mwanaharakati yanafaa kuwa ushahidi wa tabaka?

MwalimuWaZamu

Wakuu, salaam.

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita. Kila tukifika kwenye kuinuka kwa ubepari Ulaya, vijana wangu wanaandika mstari uleule: ardhi ikazungushiwa ua, wakulima wadogo wakaondolewa, wakawa vibarua, tabaka jipya likazaliwa. Ukiwauliza huyo kibarua alikula nini, alilala wapi, alikaa meza moja na nani, darasa linanyamaza. Kwa hiyo muhula huu nataka wasome mtu aliyekuwepo.

Nimemchagua William Cobbett na kitabu chake Rural Rides. Kwa wasiomjua: ni safari alizofanya juu ya farasi, nyingi kusini mwa Uingereza, miaka ya 1820. Alizichapa kwanza kwenye gazeti lake mwenyewe, Political Register, kisha zikatoka kama kitabu mwaka 1830. Anapita shamba kwa shamba, anatazama udongo, nguruwe, nyumba za vibarua, anauliza ujira, halafu anaitukana serikali. Kusema kweli nimempenda.

Tatizo ni mwenzangu wa idara. Anasema Cobbett alikuwa mwanasiasa wa upinzani, alifungwa kwa maandishi yake, aligombea ubunge, na kila alichoandika kilikuwa cha kuwashawishi watu. Kumtumia kama ushahidi wa hali ya matabaka, anasema, ni sawa na kuandika historia ya uchaguzi kwa hotuba za jukwaani. Nimemjibu kwa ukali kidogo, lakini nilipofika nyumbani nikakuta kuna jambo linalonisumbua hata mimi. Cobbett anashikilia kwamba watu wa Uingereza hawaongezeki, ati zamani walikuwa wengi zaidi, na ushahidi wake ni makanisa makubwa yaliyomo kwenye vijiji vyenye watu wachache. Sensa inasema kinyume kabisa. Mtu akikosea hapo, nitamwaminije kwenye ujira na mlo?

Naomba mawazo ya waliowahi kumtumia huyu bwana, au mwingine wa aina yake.

Tarakimu

Mkuu, achana naye. Mwaka 1801 Uingereza, Wales na Uskochi zilikuwa na watu kama milioni 10 na nusu. Mwaka 1821 walikuwa kama milioni 14. Sensa ilikuwa imeshafanyika mara tatu, matokeo yamechapishwa, na yeye bado anapima idadi ya watu kwa urefu wa mnara wa kanisa.

Nenda kwenye vitu vinavyohesabika: bei za ngano mwaka hadi mwaka, sensa zenyewe, na ripoti ya 1834 ya Tume ya Sheria ya Maskini, iliyochunguza posho wanayopewa maskini vijijini, yenye majibu ya maswali yaliyotumwa kwenye parokia nyingi nchini. Cobbett mtumie dakika tano za mwisho za kipindi, wacheke, wakapumzike.

Mzee wa Makabrasha

Mwalimu, kwamba Cobbett alikuwa mpiga kelele halina ubishi. Nimefundisha mbinu za utafiti wa historia mpaka nikastaafu, na kama kuna maneno yaliyonichosha kwenye karatasi za mitihani ni "chanzo hiki kina upendeleo". Kijana anayaandika, anaweka kalamu chini, anasubiri alama. Upendeleo kwa nani? Dhidi ya nani? Umeharibu sehemu gani ya maneno yake na sehemu gani umeiacha nzima? Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na yeye keshafunga daftari.

Anza na mahali Cobbett aliposimama. Kazaliwa 1763 Farnham, Surrey. Baba yake alikuwa na shamba dogo na nyumba ya wageni, babu yake alikuwa kibarua. Utotoni kazi yake ilikuwa kufukuza ndege shambani. Akaingia jeshini, akapanda hadi sajinimeja, akaenda Marekani, na huko Philadelphia alikuwa akimtetea mfalme wa Uingereza kwa jina la bandia la Peter Porcupine. Ndiyo, huyuhuyu mwanamapinduzi wako. Aliporudi nyumbani mwaka 1800 watu wa serikali walimpokea vizuri, kisha taratibu akawageuka. Mwaka 1810 akafungwa miaka miwili gereza la Newgate kwa kuandika dhidi ya kuchapwa viboko kwa askari wa mgambo huko Ely. Mwaka 1817 akakimbilia tena Marekani, akarudi 1819 akiwa na mifupa ya Thomas Paine, yule mwandishi wa mapinduzi, kwenye mizigo yake. (Hiyo ya mifupa wape vijana, hawatamsahau.)

Katikati ya hayo yote alikuwa mkulima mwenye shamba Botley, Hampshire, na alikuwa na watu aliowaajiri. Jambo hili wengi wanalipita haraka. Cobbett anamsemea kibarua, lakini amekaa kwenye kiti cha mwajiri, na kumbukumbu zake za utoto ni za mtu aliyekuwa katikati. Ramani yake ya jamii nayo si ile tuliyoizoea kwa Marx. Kwake upande mmoja wapo wanaolima na kufanya kazi, mkulima pamoja na kibarua wake, na upande wa pili wapo wanaokula kodi: wenye pensheni za serikali, wanaokopesha serikali wakaishi kwa riba ya deni la taifa, na madalali wa hisa wa London. Ukimpa mwanafunzi Cobbett bila kumwambia hilo, atamgeuza Mmarksi kabla ya Marx.

Sasa fungua tarehe 20 Oktoba 1825, akiwa Reigate. Hapa nitakaa kidogo.

Siku hiyo kaenda kwenye mnada shambani. Mpangaji anayeitwa Charington anaondoka, na mali yake inauzwa. Ardhi ni ya Christ's Hospital, ambayo ni taasisi ya shule, si hospitali. Kwanza waulize vijana: Cobbett ameingiaje ndani ya nyumba ya watu? Kwa sababu ni mnada. Siku nyingine yoyote mgeni kama yeye asingepita kutoka jikoni hadi chumba cha mbele akikagua viti. Anaona makasha ya nguo ya mwaloni, vitanda vya mwaloni, meza ndefu imara za kulia na stuli zake, vingine vya kale sana, vyote vimechakaa kama vitu visivyotumika tena. Kisha anaona upande mmoja wa mbele ya nyumba umegeuzwa sebule ya wageni. Mna zulia. Mna kamba ya kuvuta kengele ya kumwita mtumishi. Mna meza ya mahogani, viti vya fahari, chupa za mvinyo za kioo, bilauri, seti nzima ya vyombo vya mezani. Sebule hiyo unaijua, ni ile yenye kabati la vioo ambalo vikombe vyake havitoki mpaka aje mkwe.

Cobbett anafura. Zamani, anasema, mkulima na watumishi wake wa shamba walilala nyumba moja na kula meza moja. Sasa mkulima kajifanya muungwana, na kibarua kasukumwa nje, analipwa ujira na kujitegemea. Halafu anauliza kwa nini wakulima hawawalishi tena watu wao na kuwalaza. Jibu lake ni kwamba hawawezi kuwalisha kwa kiasi kidogo kama hicho wanachowalipa.

Pitia aya hiyo na kalamu mkononi. Zulia, kaliona. Kamba ya kengele, kaiona. Kwamba ukoo wa Charington umepanga hapo miaka mingi, anasema mwenyewe kuwa amesikia. Kwamba zamani waliishi humo wanaume, wavulana na wasichana wa kazi kumi hadi kumi na tano, anatanguliza neno la "yamkini". Kwamba siku hizi Charington anaitwa bwana mkubwa na binti zake mabibi, anasema "nadhani". Mtu mwenye hasira kiasi hicho, na bado ametenganisha alichokiona, alichosikia na alichokisia! Anayemtupa Cobbett wote kwa jina la propaganda hakuisoma aya hiyo mpaka mwisho.

Jambo jingine ni kwamba hapo anawashambulia wakulima, watu wa upande wake, wasomaji wa gazeti lake. Shahidi anayesema lisilompendeza jirani yake anapewa uzito zaidi.

Mipaka nayo ipo, na ni mikubwa. Ni shamba moja. Alichoonyesha ni mali ya mtu anayehama, na mali ya anayehama si picha ya kila aliyebaki. Tena desturi ya watumishi wa shamba kulala kwa mwajiri ilikuwa imekufa zaidi kusini na mashariki, kwenye nchi ya nafaka, ambako ndiko Cobbett alikozunguka sana. Kaskazini na magharibi desturi hiyo iliendelea, na sensa ya 1851 bado inawakuta wengi. Kwa hiyo Cobbett anaposema "nchi nzima", wewe soma Surrey, Kent, Sussex, Hampshire, Wiltshire.

Kuhusu makanisa, Tarakimu yuko sahihi na sina la kumtetea mzee wa watu. Ila tazama kosa lilikotoka. Ukubwa wa kanisa ni jambo aliloliona kwa macho. Watu kupungua ni hitimisho alilolihitaji, kwa sababu mwanauchumi Malthus na wafuasi wake walikuwa wakisema maskini wana njaa kwa kuwa wanazaana mno, na Cobbett alitaka njaa iwe kosa la kodi na la watawala. Hesabu zake zote za namna hiyo zipime upya kwa chanzo kingine. Pale bonde la mto Avon, Wiltshire, mwaka 1826, anapiga hesabu ya mazao ya parokia moja aonyeshe kwamba wanaozalisha chakula wanakula sehemu ndogo tu ya kinachotoka pale. Hoja ni nzito na ujira anaoutaja unalingana na unaojulikana kwa Wiltshire ya wakati huo, lakini makisio ya mavuno ni yake mwenyewe.

Na wewe Tarakimu, ripoti ya 1834 usiichukue kama mizani ya dukani. Waandishi wake wakuu, Nassau Senior na Edwin Chadwick, walikuwa na shauri lao: posho ya maskini inawalemaza watu, ibanwe. Yale maswali ya vijijini yalijibiwa na makasisi, mahakimu, wasimamizi wa posho. Kibarua hakujaza fomu. Ukitaka bajeti ya kaya ya kibarua, nenda nyuma kwa David Davies, kasisi wa Barkham, Berkshire, aliyechapa bajeti za familia za vibarua mwaka 1795: mkate, chumvi, sabuni, nyuzi, mshumaa. Naye alikuwa na hoja yake, lakini ukimweka Davies mkono huu na Cobbett mkono huu unaanza kuona kitu.

Mpekuzi

Mbona msiende moja kwa moja kwa Engels, mwenzake Marx? Tabaka analitaja wazi, hakuna kubahatisha.

Mzee wa Makabrasha

Engels ni wa mjini. Alikaa Manchester 1842 hadi 1844 kwenye kampuni ya pamba ambayo baba yake alikuwa mbia, akachapa kitabu Leipzig 1845. Ukitaka kiwanda na vichochoro, mchukue. Mwalimu anafundisha shamba. Na usidhani Engels ana kinga: mwaka 1958 wanahistoria Henderson na Chaloner walitoa tafsiri mpya ya Kiingereza na wakamshika kwa namna alivyonukuu ripoti, mwanahistoria mwenzao Hobsbawm akasimama kumtetea. Ugomvi ni uleule wa Cobbett.

BintiTanga

Shikamoo mzee. Nimesoma kwa raha mpaka mwisho, ila kuna jambo halijatajwa na mimi siwezi kulinyamazia. Huyu Cobbett mwaka 1823 alimwandikia Wilberforce, mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, barua ya wazi gazetini. Humo anasema vibarua na wafanyakazi wa viwanda vya pamba wana hali mbaya kuliko watumwa wa Karibi, na watumwa hao anawachora kama watu walioshiba, wanaocheza na kuimba. Wayahudi nao anawatukana kila anapopata nafasi, hata humo kwenye Rural Rides. Mwalimu anawapelekea watoto wa Kiafrika kitabu cha huyu mtu awafundishe tabaka. Sisemi asipeleke. Nauliza atawaambia nini mtoto akikuta ukurasa huo.

Mzee wa Makabrasha

Marahaba mwanangu. Awape ukurasa huo yeye mwenyewe, wasije wakaukuta peke yao.

Hapo hapana hata chembe ya ushahidi juu ya mtumwa wa Jamaica. Ile kalamu tuliyopitisha kwa Charington ipitishe na hapa: zulia liko wapi? Kasha liko wapi? Hakuna. Hakuwa juu ya farasi akiangalia shamba la miwa. Alikuwa Uingereza akimtumia Mwafrika kama fimbo ya kumchapia Wilberforce, mtu aliyemchukia kwa kuunga mkono sheria za kubana vyama vya wafanyakazi na magazeti ya bei rahisi. Chuki yake kwa Wilberforce ilikuwa na sababu zake. Kwa Mwafrika ilikuwa dharau tupu.

Lakini kuna tabaka hata humo. Inaonyesha jinsi mtetezi wa maskini wa kwao alivyoweza kumjenga kibarua wa Kiingereza juu ya mgongo wa mtu mwingine, na akapata wasomaji wa kupiga makofi. Sheria ya kukomesha utumwa ilipopita 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa wenye watumwa. Mwaka uliofuata Bunge hilohilo likapitisha Sheria mpya ya Maskini, na Cobbett, sasa mbunge wa Oldham, akaipinga kwa nguvu zake zote. Weka mambo hayo mawili ubaoni uone darasa litasema nini. Mimi ningependa kuwepo.

MwalimuWaZamu

Shikamoo mzee, na asante. BintiTanga, umenigusa, ukurasa huo nitauweka.

Mzee, mawili tu. Moja: ile meza ndefu ya mwaloni iliishia wapi? Vijana wangu lazima wataniuliza. Pili: ghasia za vibarua za 1830, waliovunja mashine za kupura nafaka, je, Cobbett ni shahidi au ni mtuhumiwa?

Mzee wa Makabrasha

Ya meza: anasema alipofikiria nyama ya nguruwe na mikate iliyoliwa juu yake kwa miaka mingi, kisha akawaza dalali fulani wa hisa atakuja kuigeuza daraja la kupamba bustani yake, alikasirika mpaka akamwomba rafiki amnunulie. Akiipata, ataipeleka Kensington au Fleet Street, huko London, aitunze kwa wema ilioutenda duniani. Aya hiyo isome kwa sauti darasani. Ni Cobbett mtupu: ameona kitu halisi, kisha akamzushia adui ambaye hata hayupo mnadani.

Ya pili: ni vyote viwili. Uvunjaji wa mashine ulianza mashariki mwa Kent, Agosti 1830, ukasambaa kusini. Mashine ya kupura ilikuwa inamnyang'anya kibarua kazi ya miezi ya baridi, miezi ambayo shamba halina kingine cha kumlipa. Hilo Cobbett alilielewa kuliko mawaziri. Watu 19 wakanyongwa, mamia wakasafirishwa makoloni ya Australia. Kibarua mmoja wa Battle, Sussex, Thomas Goodman, aliyehukumiwa kifo kwa kuchoma moto, akatoa ungamo kwamba hotuba ya Cobbett ndiyo iliyomchochea, na maisha yake yakanusurika. Cobbett akashtakiwa Julai 1831, akajitetea mwenyewe kwa kelele zake zote, juri likashindwa kukubaliana, akaachiwa.

Sasa mwambie mwenzako wa idara achague. Kibarua aliyeungama akiwa na kitanzi shingoni, maneno yake yameandikwa na waliomfunga, na serikali inayohitaji mtu wa kulaumiwa. Hiyo ndiyo karatasi "rasmi". Kama Cobbett anatupwa kwa kuwa alitaka kushawishi, hilo ungamo linabaki kwa sababu gani?

Tarakimu

Sawa mzee, nimekusikia, ingawa kwenye sensa sirudi nyuma.

Mwalimu, ukiwapa aya ya Charington wape na jedwali dogo la wastani wa bei ya ngano kwa kota moja (kipimo cha nafaka cha Kiingereza): mwaka 1812, shilingi 126, mwaka 1822, shilingi 44, mwaka 1825, shilingi 68 hivi. Zulia na mahogani vinaweza kuwa fedha za wakati wa vita na Napoleon, bei zilipokuwa juu, na kodi ya shamba ikapanda nazo. Bei zikaanguka baada ya vita, kodi zikawa nzito, wapangaji wengi wakashindwa. Lakini Charington anauza 1825, bei zikiwa zimeshapanda tena kidogo. Cobbett haelezi kwa nini anaondoka. Waulize vijana wangetafuta karatasi gani ili kujua: mkataba wa kupanga, vitabu vya kodi vya mwenye ardhi, tangazo la mnada?

MwalimuWaZamu

Tangazo la mnada! Hilo sikuliwaza. Lingetuorodheshea samani zenyewe, tukalinganisha na macho ya Cobbett kitu kwa kitu.

Nimeshachapa aya ya Reigate, jedwali la Tarakimu na ukurasa wa barua ya Wilberforce. Tunaanza Jumatatu, kipindi cha pili, na mwenzangu wa idara kasema atakuja kukaa nyuma.